Ukiinua Gari, Shafti Ndiyo Hulipa

Wadau, kabla uweke spesa kwa Probox ndiyo ipite mchanga wa Mto Tiva, sikia historia kidogo.

Land Rover ilipotoka 1948, ilikuja ikiwa juu tayari. Urefu wake na pembe ya propela vilipangwa pamoja kiwandani.

Probox ilitoka Japani 2002, gari la kubebea mizigo kwa lami. Nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele, kupitia shafti mbili fupi zenye sivii jointi. Ilipofika Ukambani tukaiinua, na siwalaumu mafundi. Barabara ndizo zilidai. Shida ni hii: spesa huinua bodi, injini na giaboksi, lakini magurudumu yanabaki chini. Shafti iliyokuwa karibu kulala sasa inainama. Jointi inazunguka ikiwa imekunjika sana, raba inapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Ukikata kona unasikia tak-tak-tak.

Hiyo sauti naijua. Kabla barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui kuwekwa lami, tulikuwa tunampeleka susu hosi, gari letu likiwa limeinuliwa. Shafti ilikatika. Tulilala njiani, yeye akiwa mgonjwa kiti cha nyuma.

Leo hapo ni lami, na bado tunainua magari kwa mazoea. Maoni yangu? Kama njia yako ni lami, rudisha gari chini. Kama bado ni mchanga, inua kidogo tu, na uchungulie hizo raba kila wiki.