Madaftari ya Wavuvi na Vipimo vya Loran-C

Katika bandari za uvuvi za New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, baba aliweza kumrithisha mwanawe mashua, nyavu, na daftari lililochakaa kwa maji ya chumvi. Ndani yake hamkuwa na latitudo wala longitudo. Mlikuwa na nambari mbili mbili, kila moja ya tarakimu tano na ziada, na kando yake maneno machache: mwamba, meli iliyozama, samaki tele. Nambari hizo zilikuwa vipimo vya Loran-C, na mashaka yaliyozipata setilaiti zilipokuja ndiyo habari ya insha hii.

Loran ilibuniwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Loran-C ilifuata mwaka 1957. Katika mnyororo uitwao 9960, kituo kikuu kilikuwa Seneca, jimbo la New York, na miongoni mwa wasaidizi wake ni Caribou na Nantucket. Kila kituo kilituma mawimbi yake kwa zamu, na chombo cha melini kilipima tofauti ya nyakati za kufika kwake kwa mikrosekunde, yaani sehemu ya milioni ya sekunde. Tofauti moja yaonyesha mstari mmoja uliopinda baharini. Mistari miwili ikikatana, ndipo mahali hapo.

Sasa yafaa tuangalie jambo lililo kiini cha mambo. Katika mikrosekunde moja wimbi la redio hukata mita 300 hivi, lakini lipitapo juu ya nchi kavu huchelewa kuliko lipitapo juu ya bahari, na wimbi la Seneca halikuwa na njia ila kuvuka milima na mashamba. Kwa sababu hiyo, ukitafsiri kipimo kwa hesabu tupu uliweza kukosea kwa robo ya maili ya bahari, karibu mita 460. Mvuvi hakudhurika, kwa kuwa ucheleweshaji ule ule ulimngoja pale pale kila aliporudi: nambari zake zilimfikisha tena kwa kosa la makumi ya mita tu.

GPS ilipokamilika mwaka 1995, watengenezaji wengi walitia katika vipokezi vyao kanuni ya kugeuza vipimo vya Loran. Mwenye daftari aliandika nambari zake, akaenda alikoelekezwa, na huenda nyavu zikanasa katika meli aliyokusudia kuiepuka. Msomaji aliyewahi kunakili barua ya Kiswahili kutoka herufi za Kiarabu ataitambua taabu hii: ba moja yaweza kusomwa ba, pa au mba, na kanuni peke yake haiamui.

Waliokuwa waangalifu walifunga vyombo vyote viwili, wakaenda mahali pao pamoja navyo, wakaandika upya. Hata hao, kabla ya Mei 2000, walipokea mawimbi ya GPS yaliyopotoshwa makusudi kwa raia, kosa likifika mita 100. Muda wa kusahihisha sawasawa ulikuwa basi miaka kumi tu, maana tarehe 8 Februari 2010 Marekani ilianza kuizima Loran-C, na kabla ya mwaka kwisha mnyororo ule ulikuwa kimya.

Anayefungua leo daftari la marehemu baba yake hugeuza nambari kwa hesabu, huongeza sahihisho alilolipata katika mwamba wa jirani unaojulikana, kisha huzunguka polepole na kipima-kina mpaka chini ya bahari painuke.