Nani Alipaka Ukuta Huu?

Ukitaka kupaka rangi nyumba ya zamani, kazi ya kwanza si kupaka, ni kukwangua. Na ukikwangua utaona mambo. Katika nyumba ya bibi yangu huko Hanga, kaskazini ya Songea mjini, kuna kona ya sebule nyuma ya mlango ambayo ncha ya kisu ilinifunulia matabaka matano. Juu kabisa ni rangi ya maji, krimu, ya mwaka 2009 baba mdogo alipooa. Chini yake rangi ya mafuta, kijani kwa juu na damu ya mzee kuanzia kiunoni hadi sakafuni. Halafu udongo mweupe. Halafu chokaa yenye bluu kwa mbali. Halafu udongo mweupe tena, ule wa kwanza, laini kama unga wa muhogo.

Ilikuwa Juni 2024. Desemba bibi angetimiza miaka 85, na ukoo ulikuwa umepanga misa ya shukrani. Baba mdogo alikuwa ameshanunua ndoo tatu za rangi, za lita 20 kila moja. Kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo anayetaka kupaka nyumba hupaka kiangazi, wakati wa baridi, kuta zikiwa kavu na mahindi yakiwa yameshavunwa. Mimi nilipewa kazi ya kusimamia maandalizi kwa sababu nilikuwa likizo na, nadhani, kwa sababu nilisoma historia na hakuna mtu nyumbani anayejua hasa hiyo inafaa kwa kazi gani.

Neno "nyumba ya zamani" Ungoni lina mpaka wake. Vita vya Majimaji vilipofika huku mwaka 1905, misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilichomwa. Kisha Wajerumani wakachoma wao, vijiji na maghala ya chakula, maana waliona njaa itamaliza vita upesi kuliko risasi. Tarehe 27 Februari 1906 walinyonga watu 67 Songea kwa siku moja. Baada ya hapo ikaja njaa yenyewe. Kabla ya hayo yote nyumba zilikuwa zimeshageuzwa kuwa kitu cha kuhesabiwa: tangu mwaka 1898 Wajerumani walitoza kodi kwa nyumba, rupia tatu. Kwa hiyo ukitafuta huku ukuta uliosimama tangu enzi za bibi wa bibi yangu, utatafuta sana. Ukuta wa miaka 65 kwetu ni mzee.

Huu wetu ulianza mwaka 1958. Mwaka mmoja kabla, Wabenediktini wa Peramiho walikuwa wameanzisha Hanga nyumba ya watawa kwa ajili ya Waafrika waliotaka maisha hayo. Baadaye ikapanda kuwa abasia. Babu alikuwa amerudi kutoka Tanga, alikokuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, akapata kibarua cha kufyatua matofali. Alichoma tanuri moja la kwake. Matofali yakajengewa udongo badala ya saruji, ambayo hakuwa nayo, juu likaja bati, na harusi ikafuata.

Habari za akina babu zimeandikwa. Mwaka 1955 Philip Gulliver, mtafiti wa serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu kizima juu ya Wangoni na Wandendeule waliokwenda mbali kutafuta kazi. Ni kitabu kizuri, nilikisoma chuoni. Lakini kila nikikikumbuka sasa najiuliza swali dogo: hao wanaume wakiwa Tanga mwaka mzima, miaka miwili, nani alikuwa anazuia nyumba isianguke? Nyumba ya udongo haisubiri mtu. Mchwa wanapanda, mvua inakula chini, moshi wa jiko unageuza kuta kuwa nyeusi kama sufuria. Ni lazima isilibwe upya kila mwaka. Na waliokuwa wakisiliba ni wanawake.

Bibi alijifunza kwa mama yake. Udongo mweupe ulichimbwa ukingoni mwa kijito, ukaanikwa, ukatwangwa, ukalowekwa usiku kucha, ukachujwa kwa kanga kuukuu. Ukuta uliloweshwa kwanza ili usinywe maji ya udongo haraka ukapasuka. Kisha unapaka kwa kitambaa, mkono ukienda upande mmoja tu. Walifanya kazi hiyo kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, na mwenye nyumba alipika. Hakuna aliyemwita mwenzake fundi.

Tabaka la pili, ile chokaa yenye bluu, ni la miaka ambayo serikali ilianza kuingia hadi ukutani. Mwaka 1973 redio ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza, wakajadili, wakachimba vyoo. Novemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho ni 1976. Bibi anakumbuka majirani wapya waliofika na milango yao kichwani. Balozi wa nyumba kumi alipita kuangalia nani ana choo, na nyumba ya nani ni nyeupe. Chokaa ilitoka dukani kwa mifuko. Bibi aliichanganya na chumvi ili ishike na kipande cha bluu ya kufulia ili iwe nyeupe zaidi.

Kupenda weupe wa ukuta hakukuanzia kwa balozi wetu. Mwaka 1925, huko Paris, msanifu Le Corbusier alitaka kila raia avue mapambo yote ukutani na kupaka rangi nyeupe tupu, akiamini kwamba mtu mwenye ukuta mweupe hata roho yake itanyooka. Watawala wa kikoloni, wamisionari na maofisa wetu wa afya walikuwa na imani inayofanana na hiyo, kila mmoja kwa sababu zake. Hadi leo Mwenge wa Uhuru ukikaribia kupita, mawe ya kando ya barabara hupakwa chokaa, na mashina ya miti pia. Sijui mti unafaidika nini.

Halafu ukaja udongo tena. Tabaka la tatu ndilo lililonishangaza, kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba nyumba huenda mbele tu: udongo, chokaa, rangi. Ukuta wetu ulirudi nyuma. Ni miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, wakati maduka ya RTC yalikuwa na rafu na muuzaji basi. Sabuni haikuwepo, nguo hazikuwepo, sukari ilikuwa kwa mgawo. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, na waliokuwa na bidhaa wakazidi kuzificha. Nani angetafuta chokaa? Bibi alichukua jembe akarudi kijitoni. Ujuzi aliokuwa ameuacha kwa zaidi ya miaka kumi ulikuwa bado mikononi.

Barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza, ilikamilika katika miaka hiyo ya themanini, na Mzee Mwinyi akafungua milango ya biashara. Malori yakaleta rangi za makopo. Ndipo damu ya mzee ikaingia nyumbani. Rangi hiyo ilipendwa kwa sababu ya busara kabisa: ardhi yetu ni nyekundu, mvua ikirusha tope ukutani halionekani. Lakini pamoja na makopo alikuja mtu mpya, fundi rangi. Alikuwa mwanamume, alikuwa na brashi, na alilipwa fedha. Kazi ileile iliyokuwa ya wanawake bila malipo ikawa, kwa kubadilisha chombo tu, kazi ya mwanamume yenye bei. Bibi alimpikia fundi chakula.

Sasa turudi kwenye kisu changu. Hiyo rangi ya mafuta ilipakwa juu ya udongo wenye masizi, kwa hiyo haikuwahi kushika. Ukiinyanyua pembeni inatoka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Fundi kijana tuliyempata alitaka kuipiga msasa mkavu amalize mapema. Nikamkataza. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Madhara hayo yalijulikana kitambo, hata Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika rangi za ndani ya majengo mwaka 1921. Tukaloweka kila kipande kabla ya kukwangua, tukafunga vitambaa puani, watoto wakahamishiwa kwa shangazi, na vigae vyote vya rangi tukavizika shimoni mbali na bustani. Kabati, vitanda, picha ya kipaimara ya baba, magunia ya mahindi, vyote vilitoka nje. Kuku waligundua sebule tupu siku ya kwanza tu.

Tatizo kubwa lilijitokeza tulipofika chini. Mita moja ya mwanzo kutoka sakafuni, upande wa mlimani, tofali zilikuwa na unyevu na chumvi nyeupe, Juni, kiangazi. Nyumba haina msingi wa saruji. Kila masika ukuta hunywa maji ya ardhini, na kiangazi huyatoa. Udongo na chokaa viliyaruhusu yatoke. Rangi ya mafuta ilivimba ikapasuka. Krimu ya mwaka 2009 ilikuwa na mabaka kabla mtoto wa kwanza wa baba mdogo hajajua kutembea. Na sasa tulikuwa na ndoo nyingine tatu za rangi ya namna hiyohiyo.

Nilipomwambia baba mdogo kwamba upande ule tuurudishie chokaa, na chumba cha bibi udongo, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe udongo umeusoma. Mimi nimeuvaa." Alikuwa shule ya msingi katika miaka ile ya uhaba. Ukiegemea ukuta wa udongo, unatoka na weupe mgongoni na matakoni, na kaptura ilikuwa moja. Wenzake waliotoka nyumba zenye rangi walimwita jina ambalo hakutaka kulitaja. Alipopata mshahara wake wa kwanza alinunua kopo la rangi kabla ya kununua viatu. Wakwe zake wangekuja Desemba. Angewaonyesha udongo?

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kwamba alikosea. Sisi wa mjini tunaopiga picha kuta za udongo tukisema ni za asili, hatujalala ndani yake kwa sababu hatuna namna nyingine.

Aliyejibu ni bibi, aliyekuwa akichambua maharage barazani. Alisema udongo wa mama yake haukuwa ukichafua nguo. Ulichanganywa na uji mwepesi wa unga wa muhogo, ukikauka unashika. "Na ule wa kwetu?" baba mdogo akauliza. Bibi akasema, "Miaka ile unga ningeupeleka ukutani, ninyi mngekula nini?"

Baba mdogo alikaa chini kwenye ngazi. Sikuwahi kumwona hivyo. Miaka arobaini alikuwa na hasira na udongo, kumbe ule weupe kwenye kaptura yake ulikuwa uji alioula.

Tukagawana nyumba. Ukuta wa mbele, unaokingwa na baraza na ambao ni mkavu, ulipata krimu yake, na sebule sehemu ya juu pia, kwa ajili ya wakwe. Mita moja ya chini pande zote ilipata chokaa. Chumba cha bibi kilipata udongo. Chimbo la zamani sasa liko ndani ya shamba la miti ya mbao la mtu. Tuliomba ruhusa, tukapewa, tukarudi na madebe manne. Bibi hakuweza kuinama sana, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda katikati ya chumba akielekeza kwa fimbo. Fundi kijana alipaka, na alipopeleka mkono huku na huko alirudishwa aanze upya. Siku ya pili alitoa simu akaandika vipimo: debe moja la udongo uliochujwa, uji kiasi gani, maji kiasi gani. Alisema ana wateja wenye kuta za namna hii.

Jioni ya siku ya nne baba mdogo alikuwa akihesabu fedha za fundi, shilingi elfu ishirini kwa siku. Bibi akauliza kama na yeye yupo kwenye hesabu. Tulicheka. Yeye hakucheka.

Alilipwa elfu themanini, sawa na fundi. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akamuuliza fundi hao wateja wake wako upande gani.