Kifuniko cha Jaa

Ukisimama Malaba au Busia, ewe msomaji, utaona malori yakingoja kuvuka mpaka kwenda Uganda, na mengi yamefunikwa kwa maturubai. Kitambaa hicho kinachohifadhi shehena kina kazi nyingine pia, nayo ni kufunika takataka.

Hapo zamani miji mingi ilimwaga taka mahali pa wazi na kuziacha hivyo hivyo. Panya na nzi walizaana humo, moto ukazuka, na harufu ikaenea. Mwaka 1937, huko Fresno, California, mhandisi Jean Vincenz alianzisha utaratibu mpya. Taka zilitiwa katika handaki, zikashindiliwa, na kila siku zikafunikwa kwa udongo.

Utaratibu huo ulikuwa mwema, lakini udongo una gharama. Hauna budi kuchimbwa na kuchukuliwa kwa gari, kisha hukaa palepale na kula nafasi ya jaa. Tena, udongo ni shamba la mtu. Mkulima wa mihogo au mtama hawezi kuuona kuwa kitu cha kutupwa.

Kwa hiyo kanuni za Marekani za mwaka 1991 ziliagiza udongo wa inchi 6, yaani sentimita 15, lakini ziliruhusu kitu kingine badala yake. Sharti lake ni kwamba kizuie mambo matano: wadudu na wanyama waletao maradhi, moto, harufu, taka kupeperushwa, na watu kuziokota. Wengine hutumia mboji, wengine kifusi kilichosagwa, wengine povu linalopulizwa juu ya taka. Turubai hutandazwa jioni na kuondolewa asubuhi, wala halipunguzi nafasi. Ila upepo mkali huweza kulipasua.

Je, jambo hili latuhusu? Tarehe 10 Agosti 2024, jaa la Kiteezi, karibu na Kampala, liliporomoka baada ya mvua kubwa, likaua watu wasiopungua 30. Lilikuwa limerundikwa kupita kiasi, na hapana kifuniko kiwezacho kuponya kosa hilo peke yake. Hata hivyo latufundisha kwamba taka zilizotupwa hazijaondoka. Zataka kutunzwa kila siku. Mji usio na udongo wa kutosha na utafute kifuniko kingine, maana ukosefu wa udongo si udhuru wa kuziacha wazi.