Mpangilio wa maandishi katika seli za jedwali

Mpangilio wa maandishi katika seli ni uwekaji wa maneno au tarakimu ndani ya kisanduku cha jedwali kwenye ukurasa wa wavuti: kushoto, katikati au kulia, juu, kati au chini. HTML 3.2 ya mwaka 1997 ilitumia sifa za align na valign. HTML5 ya 2014 iliziondoa, kazi ikaachiwa text-align na vertical-align za CSS. Bila maelekezo, vivinjari huweka vichwa vya safu wima katikati, na maandishi mengine mwanzoni mwa mstari, ambao kwa Kiarabu ni upande wa kulia. Fedha hupangwa kulia ili mamoja yakae chini ya mamoja: 950 chini ya 12,400. Mpangilio huo huvurugika tarakimu za desimali zikitofautiana idadi. HTML 4 ilikusudia kulinganisha kwa nukta yenyewe, lakini vivinjari vikuu havikuutekeleza utaratibu huo.