Kabla ya Nusukaputi

Kumwandaa mgonjwa asihisi kisu si jambo geni katika nchi za Maziwa Makuu. Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, Uganda ya leo, mmisionari Robert Felkin alishuhudia mjamzito akipasuliwa ili mtoto atolewe. Kwanza mama alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusunusu. Kwa pombe hiyohiyo mpasuaji alinawa mikono na kuosha tumbo la mama, na baadaye alichoma kwa chuma cha moto sehemu zilizovuja damu. Felkin alipoondoka siku 11 baadaye, mama na mtoto walikuwa hai. Ustadi wa namna hiyo unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Kwingineko, etha, dawa ya kulaza usingizi, ilikuwa imeonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, na klorofomu ikafuata Edinburgh mwaka 1847. Hatari ya tumbo lililojaa kwa mgonjwa aliyelazwa usingizi ilieleweka polepole. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alieleza jinsi chakula na asidi ya tumbo vilivyoingia mapafuni mwa akina mama waliolazwa usingizi wakati wa kujifungua. Kutokula kabla ya upasuaji kukawa sharti.

Kwa kawaida leo, mgonjwa aliye mtu mzima anayetoka Samuye kwenda kupasuliwa mjini Shinyanga, au hospitali ya Bugando, Mwanza, huacha ugali na uji kwa muda wa saa sita au zaidi kabla ya upasuaji, na maji matupu kwa muda wa saa mbili. Huulizwa pia kuhusu mzio, dawa anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na meno yanayolegea.