Kalemie: jina ni lako, anwani ya intaneti ni ya nani?

Mwishoni mwa 1891, kapteni Mbelgiji aitwaye Jacques alijenga ngome kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, akaiita Albertville. Albert aliyeheshimiwa kwa jina hilo, mtoto wa ndugu yake Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alikuwa na miaka 16 tu. Mji uliokua baadaye pale Mto Lukuga unapotoka ziwani ulibaki na jina hilo hadi utawala wa Rais Mobutu ulipouita Kalemie.

Mobutu hakuishia kwenye miji. Oktoba 1971 Kongo ikawa Zaire. Mwaka uliofuata raia wakatakiwa kuacha majina ya Kizungu, na yeye mwenyewe, Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Hata Sheria ya Familia ya 1987 inataka majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa nchi. Jina la mtu, basi, ni jambo la serikali.

Intaneti ikaja na daftari lake. Zaire ilipewa kiishio cha anwani cha .zr. Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila alishika madaraka na kurudisha jina la Kongo; kisha nchi ikapewa .cd, na 2001 .zr ikafutwa kabisa. Kila anwani iliyoishia hivyo ikafa nayo.

Daftari hili haliulizi cheti cha kuzaliwa. Anayewahi kulipia ndiye anayepewa, tena kwa muda aliolipia tu. Kalemie ina akina Ilunga na akina Ngoy wengi, lakini ilunga.cd ni moja. Ilunga atakayetangulia kuichukua, wenzake hawatakuwa na la kumdai.

Ugomvi huanza mtu anaposajili jina la mwenzake ili amuuzie. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kimataifa wa kuamua mashauri hayo, na .cd imo. Mlalamikaji huthibitisha mambo matatu: anwani inafanana na alama yake ya biashara, aliyeisajili hana haki nayo, na aliisajili na kuitumia kwa nia mbaya. Mwaka 2000 mwigizaji Julia Roberts alishinda, kwani aliyechukua juliaroberts.com alikuwa ameinadi, na alikuwa amesajili majina mengine kadhaa ya watu maarufu. Mwaka huohuo mwanamuziki Sting alishindwa, maana jina lake ni neno la kawaida la Kiingereza. Bruce Springsteen naye akashindwa 2001. Nia mbaya haikuthibitika.

Kizingiti kikubwa kati ya vile vitatu ni cha kwanza, alama ya biashara. Mwanamuziki, au muuza ndagala ambaye wateja humjua kwa jina lake, anaweza kujitetea. Asiyefanya biashara kwa jina lake hana pa kuanzia, hata awe na vyeti vyote. Thamani ya anwani nayo hutegemea jambo hilohilo: jina lisiloleta wateja halina mnunuzi.

Kwa hiyo mwenye kazi inayobeba jina lake anapaswa kulisajili mapema, na aandikishwe yeye, si fundi aliyemtengenezea tovuti. Kufungua shauri la jina moja mbele ya mwamuzi mmoja katika Shirika la Miliki Bunifu Duniani, Geneva, ni dola 1,500, kabla ya kumlipa wakili.