Ukihama dhehebu, nani atakuzika?

Msikilizaji anayetaka kuacha dhehebu lake mara nyingi hatuulizi habari za sala. Anatuuliza: nikifa, nani atanizika?

Kwa Tanzania sheria iko wazi. Katiba ya 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Ndoa yako nayo haivunjiki kwa kuhama. Inayovunja ndoa ni mahakama.

Kijijini shida ni msiba. Jumuiya ndiyo inayochanga, inapika, inachimba kaburi. Kwa hiyo tunashauri, kabla hujatoka, uingie kikundi kisichouliza dini: VICOBA, au kikundi cha kuzikana cha kitongoji. Soma katiba yao, maana vingine vina muda wa kusubiri kabla mwanachama mpya hajaanza kusaidiwa. Na mwambie mapema ndugu mmoja unayemwamini, asije akazisikia kisimani.

Ukipigwa au kufukuzwa nyumbani, nenda kwa mtendaji wa kijiji, afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto polisi. Mtoto apige 116, ni bure.